Andermatt, Mji wa Milima ya Alpi: Jiografia, Historia na Mamlaka ya Ardhi ya Pamoja

Ikisiri

Makala hii inaeleza jiografia, historia na utamaduni wa Andermatt, mji mdogo ulioko katika kantoni ya Uri, katikati ya Uswisi. Maandishi mengi huuelezea mji huu kama zao la pito la Gotthard, yaani njia kuu ya kale iliyounganisha Ulaya ya Kaskazini na Italia. Makala inakubali uzito wa pito hilo, lakini inaonesha kwamba pito peke yake halielezi kwa nini mji ungalipo hadi leo, ilhali tangu mwaka 1882 wasafiri wengi wamekuwa wakipita chini yake bila kuuona. Hoja inayojengwa ni kwamba uhai wa Andermatt umetegemea zaidi swali la nani mwenye kauli juu ya ardhi ya bonde. Swali hilo linafuatiliwa kupitia msitu uliopigwa marufuku mwaka 1397, mradi wa bwawa uliokataliwa katikati ya karne ya 20, na kituo cha mapumziko kilichoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 21.

1.0 Utangulizi

Jina Andermatt lina maana nyepesi. Katika Kijerumani cha milimani linatokana na maneno yenye maana ya “penye uwanda wa majani”, na yeyote anayefika pale kutoka kaskazini huona papo hapo sababu ya jina hilo. Baada ya kupanda korongo jembamba lenye kuta za mawe matupu, ardhi hufunguka ghafla na kuwa bonde pana, tambarare, la kijani wakati wa kiangazi na jeupe wakati wa baridi. Wakazi wa mji ni wapatao 1,500 tu. Kwa idadi hiyo, katika nchi nyingi za Afrika Mashariki Andermatt ungehesabiwa kuwa kijiji, na wenyeji wenyewe huuita kijiji mara nyingi. Hata hivyo makala hii inatumia neno mji, kwa kuwa tangu zamani Andermatt imekuwa makao makuu ya bonde zima, yenye soko, hoteli, kambi ya jeshi na makutano ya njia nne.

Udogo huo ndio unaoufanya mji ufae kuchunguzwa. Katika jamii ndogo, uamuzi mmoja juu ya miti au malisho huonekana matokeo yake kwa karne kadhaa, na nyaraka zake huweza kufuatiliwa bila kupotea katika wingi wa habari kama inavyotokea katika miji mikubwa.

2.0 Umbile la Bonde

Andermatt iko katika kimo cha takriban mita 1,440 juu ya usawa wa bahari. Kwa msomaji wa Kiswahili kimo hicho peke yake hakishangazi: mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, uko katika kimo kinachokaribiana nacho, na migomba hustawi huko. Tofauti iko katika latitudo. Andermatt iko karibu nyuzi 46 na nusu kaskazini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo theluji hulala katika mitaa yake kwa miezi mingi ya mwaka. Nafaka hazikuwahi kuwa na nafasi kubwa pale. Chakula cha bonde kilitokana na ng’ombe, mbuzi na kondoo, na nyasi kavu zilizokatwa kiangazi ndizo zilizoamua ni mifugo mingapi ingeweza kuvuka majira ya baridi.

Bonde lenyewe huitwa Urseren. Limelala kutoka magharibi hadi mashariki kati ya matungamo mawili makubwa ya miamba migumu, la Aar upande wa kaskazini na la Gotthard upande wa kusini, na limechimbwa katika ukanda wa miamba laini zaidi iliyo katikati ya matungamo hayo. Ulaini huo haukuwa jambo la wanajiolojia pekee. Wachimbaji wa handaki la reli la karne ya 19 walipofika chini ya bonde walikuta mwamba uliobonyea na kusagika, wenye kusukuma kuta za handaki kuelekea ndani, na sehemu hiyo ikawa miongoni mwa sehemu zilizowasumbua zaidi.

Mapito manne hufunguka kutoka bondeni. Magharibi kuna Furka, yenye kimo cha mita 2,429, inayoelekea bonde la Rhône. Mashariki kuna Oberalp, mita 2,044, inayoelekea chimbuko la Rhine. Kusini kuna Gotthard, mita zipatazo 2,100, inayoshuka Ticino na hatimaye Italia. Kaskazini hakuna pito la juu, bali korongo la Schöllenen, ambamo mto Reuss huporomoka kuelekea Göschenen. Hivyo mito mikubwa ya Ulaya ya kati, inayokwenda bahari tofauti, huanzia umbali mfupi kutoka mahali pamoja.

Umbile hili, yaani uwanda mpana wenye mlango mwembamba, ni la kukumbukwa katika yote yatakayofuata. Mlango huo mwembamba ulilitenga bonde na kaskazini kwa muda mrefu. Baadaye ulilitajirisha. Katika karne ya 20 ulikaribia kuliangamiza, kwa maana mhandisi wa umeme anayetafuta mahali pa kujenga bwawa hutafuta umbile la namna hiyo hiyo.

3.0 Watu, Lugha na Daraja

Kwa kuwa korongo la Schöllenen halikupitika, wakazi wa mwanzo wa bonde hawakutoka upande wa Uri. Kutoka mashariki, kupitia Oberalp, ilikuja mamlaka ya monasteri ya Disentis, pamoja na wasemaji wa lugha ya Kiromanshi, iliyotokana na Kilatini. Kutoka magharibi, kupitia Furka, walikuja Wawalser, wasemaji wa Kijerumani kutoka Wallis waliozoea kuishi juu sana milimani. Kijerumani kilishinda, lakini majina ya mahali yalibaki na alama za lugha ya awali: Furka ni neno la Kilatini la uma, kwa sababu ya umbo la pito hilo, na Hospental, kijiji jirani cha Andermatt, hukumbusha nyumba ya kupokelea wageni. Dini ilibaki ya Kikatoliki, na pito lenyewe lilipewa jina la Mtakatifu Gotthard, askofu wa Hildesheim. Kanisa la kale la parokia, la Mtakatifu Kolumban, halisimami katikati ya mji wa sasa bali pembeni, karibu na mahali mto unapoingia korongoni.

Wakati wa kufunguliwa kwa korongo hukadiriwa kuwa mnamo miaka ya 1220 au 1230. Vitu viwili vilihitajika. Cha kwanza kilikuwa ujia wa mbao ulioning’inizwa ubavuni mwa jabali juu ya maji, na cha pili kilikuwa daraja la kuvukia mto. Wanahistoria wengi wanauhusisha ufundi huo na Wawalser, ambao huko walikotoka walizoea kuning’iniza mifereji ya maji katika majabali. Daraja la mbao lilifuatwa na la mawe mwaka 1595. Mwaka 1707 na 1708 fundi Pietro Morettini alitoboa jabali kwa baruti na kufungua njia ya chini kwa chini yenye urefu wa mita 64, iitwayo Urnerloch, ambayo huhesabiwa kuwa handaki la kwanza la barabara katika milima ya Alpi. Ujia ulioning’inizwa haukuhitajika tena.

Daraja hilo huitwa Daraja la Shetani, na hekaya yake inasimuliwa kwa mapana katika Uri. Watu waliposhindwa kujenga, Shetani alijitolea kujenga kwa sharti kwamba nafsi ya kwanza kuvuka iwe yake. Daraja lilipokamilika, watu wa Uri walimvusha beberu. Shetani alighadhibika, akabeba jiwe kubwa ili alivunje daraja, lakini alipokutana na mwanamke mzee aliyechora msalaba kwenye jiwe alilitupa akaenda zake. Jiwe hilo lipo hadi leo karibu na Göschenen. Katika miaka ya 1970 lilisogezwa zaidi ya mita 100 kwa gharama kubwa ili kuipisha barabara kuu. Msomaji aliyekulia katika ngano za Sungura atatambua mara moja muundo wa hekaya hii, mnyonge kumshinda mwenye nguvu kwa kushika maneno ya mkataba kama yalivyotamkwa. Jambo linaloipa uzito katika muktadha wa Urseren ni kwamba hekaya inahusu mkataba. Kumbukumbu ya bonde hili imejaa mikataba.

4.0 Kujitawala kwa Bonde

Mkataba wa kwanza wenye uzito wa kisiasa ni wa mwaka 1382, wakati Mfalme Wenzel alipolipa bonde la Urseren hadhi ya kuwa chini ya himaya moja kwa moja, bila bwana wa kati. Mwaka 1410 bonde liliingia katika maagano ya kudumu na Uri. Watu wa Urseren wakawa sehemu ya Uri kwa mambo ya nje na ya vita, lakini walibaki na mkutano wao, baraza lao na mahakama yao. Haki zilizosalia za monasteri ya Disentis zilikombolewa kwa fedha mwaka 1649.

Chombo kilichoshika mamlaka hayo kilikuwa mkutano wa bonde, ambao wanaume wenye haki waliuhudhuria chini ya mbingu wazi karibu na Hospental. Walichaguana, wakaamua tarehe za kupandisha mifugo malishoni, idadi ya ng’ombe ambayo kila kaya iliruhusiwa kupandisha, matengenezo ya njia na zamu za kusafirisha mizigo. Zamu hizo zilikuwa na thamani kubwa. Bidhaa zilizovuka Gotthard hazikubebwa na mchukuzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Wachukuzi wa kila eneo, waliojiunga katika vyama, walikuwa na haki ya kubeba mizigo kwa farasi na nyumbu katika kipande chao cha njia na kuikabidhi kwa wenzao wa kipande kinachofuata. Watu wa Urseren walipata kipato kutokana na mizigo hiyo, na pia kwa kuuza ng’ombe na jibini katika masoko ya Lombardia.

Mapinduzi ya mwaka 1798 yaliuvunja mfumo wa zamani wa Uswisi, na mwaka uliofuata vita vikaingia bondeni. Majeshi ya Ufaransa, Austria na Urusi yalipokezana bonde katika muda wa miezi michache. Tarehe 25 Septemba 1799 Jenerali Suvorov, aliyekuwa amevuka Gotthard akitokea Italia, alipigana na Wafaransa kwenye Daraja la Shetani. Ukumbusho wa askari wake wa Kirusi ulichongwa jabalini karne moja baadaye, na watalii hupigwa picha mbele yake kila siku. Kwa wenyeji vita hiyo ilikuwa na sura nyingine: kila jeshi lililopita lilikula nyasi, mifugo na akiba za bonde ambalo hata katika mwaka wa amani lilivuka baridi kwa shida. Vitabu vya historia ya vita huusifu ujasiri wa Suvorov na kuisahau bei hiyo.

Baada ya mwaka 1803 Urseren ilibaki wilaya ndani ya kantoni ya Uri, hadi katiba mpya ya kantoni ya mwaka 1888 ilipozifuta wilaya. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo, kwa mtazamo wa makala hii, ni la msingi kuliko vita vyote vya korongoni. Mamlaka ya kisiasa yalihamia kwenye kantoni na kwenye halmashauri za vijiji vya Andermatt, Hospental na Realp, lakini umiliki wa malisho, misitu na ardhi isiyogawanywa ulibaki mikononi mwa jumuiya ya zamani ya bonde, iitwayo Korporation Ursern. Dola lilifutwa, mwenye ardhi akabaki.

5.0 Msitu wa Marufuku

Anayetazama mji kutoka upande wa kituo cha reli huona juu ya paa za nyumba, kwenye mteremko wa Gurschen, kipande cha msitu wa misonobari chenye umbo la pembetatu. Kwa karne nyingi kipande hicho kilikuwa karibu ndio msitu pekee uliobaki katika bonde zima. Miteremko mingine ilikuwa imevuliwa miti kwa ajili ya kuni, ujenzi na malisho.

Msitu huo ulibaki kwa sababu ulipigwa marufuku. Waraka wa mwaka 1397, mmojawapo wa kongwe zaidi wa aina yake nchini Uswisi, ulikataza kukata miti yake au kutoa humo hata matawi. Sababu yake ni poromoko la theluji. Kiswahili hakina neno moja la asili la jambo hili, na si ajabu, kwa hiyo maelezo kidogo yanahitajika. Theluji hujilundika kwenye mteremko kwa matabaka, kila tabaka likiwa na ugumu wake. Tabaka la chini likidhoofika, au theluji mpya ikiongezeka kwa haraka kupita kiasi, lundo zima huachia na kushuka kwa kasi inayoweza kubomoa nyumba za mawe. Msitu mnene huzuia theluji isiachie mahali ilipolala, kwa kuwa mashina huishikilia na matawi huivunjavunja kabla haijafika chini. Hata hivyo msitu hauwezi kusimamisha poromoko kubwa lililokwisha kuanza juu yake. Ndiyo maana ulinzi wake ni wa muda mrefu na wa taratibu, na mti mmoja uliokatwa leo huacha pengo ambalo huchukua vizazi kuzibika.

Waraka wa mwaka 1397 usisomwe kama chimbuko la uhifadhi wa mazingira kwa maana ya kisasa. Waliouandika hawakuwa na nia ya kutunza maumbile. Miteremko mingine waliiacha ikakwanguliwa. Walichokifanya ni kupima hatari moja na kuweka mzigo wa kuizuia juu ya kila kaya kwa usawa, kaya maskini zikiumia zaidi, kwa kuwa maskini ndiye aliyehitaji kuokota kuni karibu na nyumbani. Kwamba marufuku hiyo ilidumu katika bonde ambalo kuni zilikuwa adimu kuliko jibini ni ushahidi wa nguvu ya mkutano wa bonde juu ya wanachama wake.

Mipaka ya ulinzi huo ilionekana tarehe 20 Januari 1951. Baada ya siku kadhaa za theluji nzito, maporomoko kadhaa yaliupiga mji katika muda mfupi na kuua watu 13. Msitu wa Gurschen ulikuwa unakinga upande mmoja tu, na si upande wote. Baada ya baridi hiyo, iliyoua watu katika sehemu nyingi za Alpi, vizuizi vya chuma na vya mawe viliongezwa kwenye miteremko ya juu, na upandaji wa miti uliokwisha kuanza karne ya 19 ukaendelezwa. Kazi inayofanywa leo na uhandisi wa gharama kubwa ndiyo iliyokuwa ikifanywa na waraka mmoja wa ngozi kwa zaidi ya miaka 500, angalau kwa mteremko mmoja.

6.0 Mji Uliopitwa na Njia

Barabara ya magari ya farasi ilikamilika mwaka 1830, pamoja na Daraja la Shetani jipya. Kwa takriban nusu karne Andermatt ilishamiri kwa hoteli, mazizi ya farasi na magari ya posta. Kisha, kati ya mwaka 1872 na 1882, handaki la reli lenye urefu wa kilomita 15 lilichimbwa kutoka Göschenen hadi Airolo. Kazi hiyo iligharimu maisha ya watu wengi, wengi wao wakiwa vibarua wa Kiitaliano. Mwaka 1875 walipogoma huko Göschenen wanamgambo waliwafyatulia risasi na wanne wakauawa. Mkandarasi Louis Favre mwenyewe alifariki ndani ya handaki mwaka 1879. Handaki linapita moja kwa moja chini ya bonde, umbali wa mita mia chache kutoka kwenye sakafu za hoteli. Njia ya kibiashara iliyokuwa imeulisha mji kwa miaka 650 ikaacha kuonekana.

Hapa nadharia ya kwamba Andermatt ni mtoto wa pito inakwama. Kama ingekuwa sahihi kikamilifu, mji ungepaswa kufa baada ya mwaka 1882. Kilichoujaza pengo kilikuwa jeshi. Kuanzia miaka ya 1880 Uswisi ilijenga ngome za Gotthard, na Andermatt ikawa mji wa askari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi lilipojiweka tayari kurudi nyuma hadi katikati ya Alpi, milima iliyouzunguka mji ilikuwa imetobolewa kwa mizinga na maghala. Reli ya meno ya Schöllenen ilifunguliwa mwaka 1917, na mwaka 1926 reli ya Furka na Oberalp ikaunganisha mji na magharibi na mashariki. Mchezo wa kuteleza kwenye theluji nao ulijijengea mizizi, hata mzaliwa wa mji, Bernhard Russi, akashinda mbio za kushuka katika Olimpiki ya Sapporo mwaka 1972.

Jeshi lilileta ajira na pia lilichukua ardhi. Viwanja vikubwa vya uwandani vikawa mali ya dola la shirikisho, vikatoka katika mizani ya malisho ambayo mkutano wa bonde ulikuwa umeishika kwa karne nyingi. Athari ya jambo hilo haikuonekana wakati huo.

7.0 Bwawa Lisilojengwa

Wakati huo huo uhaba wa umeme uliwafanya wahandisi waliangalie upya umbile la Urseren. Uwanda mpana, mto wenye maji, na korongo jembamba mlangoni: ukuta mmoja katika Schöllenen ungetosha kuligeuza bonde kuwa ziwa. Mpango huo, uliojadiliwa kwa namna mbalimbali tangu miaka ya 1920 na kupewa ukubwa wa kutisha katika miaka ya 1940, ungezamisha Andermatt, Hospental na Realp, pamoja na makanisa na makaburi yake, na wakazi wangehamishwa.

Upinzani wa bonde ulikuwa karibu wa kauli moja. Wakazi waliandika, wakakutana, wakakataa kuuza. Usiku wa tarehe 19 Februari 1946 ulitoka katika hoja na kuingia katika nguvu: mhandisi aliyekuja Andermatt kuzungumzia ununuzi wa ardhi alivamiwa na umati, akapigwa na kufukuzwa. Si haki kulipamba tukio hilo. Mtu mmoja aliyekuwa kazini aliumizwa na watu wengi. Lakini pia si sahihi kulieleza, kama lilivyoelezwa na baadhi ya waandishi wa wakati huo, kuwa ni hasira ya wakulima wasioelewa maendeleo. Wakulima hao walielewa vyema. Fidia ilikuwa ikitolewa kwa nyumba na mashamba ya mtu mmoja mmoja, ilhali sehemu kubwa ya kile ambacho kingezama, yaani haki ya malisho, haki ya msitu na haki ya kukutana, haikuwa mali ya mtu mmoja ambaye angeweza kulipwa na kuondoka.

Mpango uliachwa. Badala yake bwawa lilijengwa katika bonde dogo la jirani la Göscheneralp na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makazi yaliyokuwapo yalizama, na familia chache zikahamishwa juu ya maji. Urseren ilipona, lakini gharama haikufutika. Ilihamia kwa majirani waliokuwa wachache zaidi. Masimulizi ya ushindi wa Andermatt yanapaswa kusomwa pamoja na ziwa hilo.

8.0 Ardhi ya Jeshi na Mwekezaji

Handaki la barabara la Gotthard, lililofunguliwa mwaka 1980, liliondoa magari kama reli ilivyoondoa mizigo. Baada ya Vita Baridi jeshi nalo likaanza kupungua. Mwanzoni mwa karne ya 21 mji ulikuwa na kambi zinazofungwa, hoteli zilizochakaa na vijana wanaohama. Mwaka 2005 alifika Samih Sawiris, mfanyabiashara wa Misri aliyekuwa amejenga mji wa mapumziko wa El Gouna kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Alipendekeza hoteli, nyumba za likizo, uwanja wa gofu na upanuzi wa miteremko ya kutelezea, sehemu kubwa ikiwa kwenye ardhi ya jeshi.

Sheria ya Uswisi huwawekea wageni mipaka mikali ya kununua nyumba. Mwishoni mwa mwaka 2006 serikali ya shirikisho iliuondoa mradi wa Andermatt katika mipaka hiyo, na mwaka 2007 zaidi ya asilimia 90 ya wapigakura wa mji waliukubali mpango. Hoteli ya kifahari ya The Chedi ilifunguliwa Desemba 2013, ukumbi wa muziki mwaka 2019, na mwaka 2022 kampuni ya Kimarekani ya Vail Resorts ilinunua hisa nyingi za kampuni inayoendesha miteremko.

Ni rahisi kulinganisha mwaka 1946 na mwaka 2007 na kusema kwamba wajukuu waliuza kile ambacho mababu walikipigania. Ulinganisho huo haukubaliki. Bwawa lilitaka bonde lote na watu watoke. Mradi wa mapumziko uliwataka watu wabaki, ukaleta wengine, na wapigakura waliona shule na maduka ambayo vinginevyo yangefungwa. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba uwanja uliojengwa ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwa bonde vizazi kadhaa kabla. Ulipopatikana mnunuzi, swali lililoulizwa halikuwa kama ardhi iuzwe, bali nani ainunue. Mkutano wa bonde, ambao ungeweza kusema “hapana” juu ya malisho yake, haukuwa na neno kama hilo juu ya kambi.

Juu ya mji, milima inabadilika bila kura ya mtu. Chini ya kilele cha Gemsstock, chenye kimo cha mita 2,961, barafu ya kudumu ya Gurschen imekuwa ikisinyaa kiasi kwamba mwaka 2005 wenye miteremko walianza kuifunika kwa vitambaa vyeupe wakati wa kiangazi ili njia ya watelezaji isikatike. Wataalamu walikitazama kitendo hicho kwa udadisi na wengine kwa kejeli. Kwa wanaoishi kwa theluji kilikuwa hesabu ya kawaida ya matengenezo.

Leo mamlaka katika Andermatt yamegawanyika kwa namna ambayo mgeni huchelewa kuitambua. Raia wa Uswisi anayehamia mjini hupata kura katika mambo ya halmashauri: ujenzi, kodi, shule. Uanachama wa Korporation Ursern, kwa upande wake, hufuata nasaba za zamani za bonde, na aliyenunua nyumba ya likizo haupati kwa fedha. Hivyo wanaoamua juu ya majengo ya uwandani wanaweza kuongezeka na kubadilika, ilhali wanaoamua juu ya malisho, maji ya miteremko, vibali vya watafuta mawe ya fuwele na msitu wa Gurschen ni kundi lile lile, ambalo huongezeka kwa kuzaliwa na hupungua kwa kuhama. Mkutano wao bado hufanyika kila mwaka mwezi wa Mei, karibu na Hospental, na ajenda yake kwa kawaida huanza na hesabu za mwaka uliopita.